Shule Ndogo Isiyo ya Faida: Mwongozo wa Fedha na Uongozi kwa Wazazi, Walimu na Wajumbe wa Bodi, Tarime na Serengeti

Tangu Januari 2016 mtoto wa Tarime au Serengeti anasoma shule ya serikali bila ada, kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne, na tangu 2022 mpango huo umefika kidato cha sita. Pamoja na hayo, shule ndogo za binafsi zimeendelea kuwepo mijini na vijijini, na baadhi yake haziendeshwi kwa kutafuta faida. Zilianzishwa na kanisa, na shirika la kiraia, au na mzaliwa wa huku aliyepata marafiki nje ya nchi wakachangishana. Ndizo zinazopokea yatima, watoto wa familia zisizo na uwezo, na pengine wasichana waliokimbia kukeketwa wakahifadhiwa kwenye nyumba salama kama zile za Masanga, Tarime, na Mugumu, Serengeti.

Shule ya namna hii ikifungwa katikati ya mwaka, anayeumia ni mtoto asiye na pa kwenda. Inaweza kuwa na walimu wazuri na matokeo mazuri, ikafungwa hivyo hivyo, kwa sababu mbili: hakuna aliyejua kwa hakika kumsomesha mtoto mmoja kunagharimu shilingi ngapi, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumwambia mwanzilishi, "Hapana, fedha hii si ya kazi hiyo." Makala haya yanaeleza namna ya kuziba mianya hiyo miwili. Yanamhusu mwanzilishi, mjumbe wa bodi, mwalimu mkuu na mhasibu, na yanamhusu vilevile mzazi anayelipa ada kwa kuuza ng'ombe mnadani.

Maana ya "isiyo ya faida"

Watu wengi hudhani shule isiyo ya faida ni shule isiyotakiwa kubaki na fedha mwisho wa mwaka. Si kweli. Shule inaweza kubaki na ziada, na inapaswa kubaki nayo. Kinachokatazwa ni kugawana. Ziada hairudi kwa mwanzilishi, kwa ndugu zake wala kwa wajumbe wa bodi. Inabaki kazini kuongeza madarasa, kununua vitabu au kuwekwa akiba.

Hii haimaanishi kwamba mwanzilishi afanye kazi bure maisha yake yote. Kama ndiye meneja wa shule na anafanya kazi ya meneja, alipwe mshahara uliopitishwa na bodi, ulioandikwa kwenye mkataba na unaokatwa kodi kama mshahara wa mtu mwingine yeyote. Kosa ni pale anapochukua kidogo kidogo kutoka kwenye ada, leo mafuta ya gari, kesho matibabu ya nyumbani, bila mshahara wala hesabu. Mtindo huo unaiumiza shule, na siku mambo yakiharibika unamuumiza na yeye, kwa kuwa hatakuwa na karatasi ya kujitetea.

Nani hasa ni mwenye shule?

Sheria ya Elimu Namba 25 ya 1978, pamoja na marekebisho yake, inatambua mwenye shule na meneja wa shule. Wote wawili wanahitaji kuthibitishwa, na shule yenyewe inasajiliwa na Kamishna wa Elimu na kupewa namba: EM kwa shule ya msingi, S kwa sekondari. Mzazi ana haki ya kuuliza namba hiyo kabla ya kumwandikisha mtoto, na Afisa Elimu wa halmashauri anaweza kuithibitisha.

Swali gumu zaidi ni la chombo kilicho nyuma ya shule. Kwa mkoa wa Mara, njia zinazotumika zaidi ni mbili. Ya kwanza ni shirika lisilo la kiserikali, yaani NGO, chini ya Sheria Namba 24 ya 2002. Marekebisho ya 2019 yalizitaka kampuni zisizo na hisa zilizokuwa zikifanya kazi za NGO zihamie kwa Msajili wa NGOs, na yakaweka cheti cha usajili kiwe cha miaka 10 kisha kihuishwe. Kila mwaka shirika linatakiwa kupeleka taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa. Kwa mambo haya hakuna haja ya kukimbilia Dodoma kwanza. Anza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya.

Njia ya pili ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, ambayo makanisa hutumia sana. Usajili wake unashughulikiwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Faida yake kubwa ni mali: kiwanja na majengo vinaandikwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, ambao ni chombo kinachoendelea kuwepo hata mdhamini mmoja mmoja akifariki.

Hapo ndipo shule nyingi ndogo zina jeraha. Ardhi ilitolewa na baba wa mwanzilishi, au ilinunuliwa kwa fedha za wafadhili lakini hati ikaandikwa jina la mtu. Akifariki, warithi wanadai kiwanja chenye madarasa juu yake. Katika wilaya ambazo migogoro ya ardhi baina ya koo imewahi kumwaga damu, jambo hili haliwezi kuachwa kwenye maneno ya mdomo. Kama ardhi ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inataka ugawaji upite kwenye halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Pateni muhtasari wa mkutano huo, pimeni mipaka, na hati iandikwe jina la shirika au la wadhamini. Kama ardhi ilikuwa ya familia, familia isaini uhamisho mwanzilishi akiwa hai na mwenye afya, mbele ya mashahidi.

Bodi inayoweza kusema hapana

Bodi ya mume, mke, shemeji na mchungaji wao si bodi. Itapitisha kila kitu, na ikitokea ugomvi wa nyumbani, shule nayo itagawanyika. Kwa shule ndogo, wajumbe saba wanatosha, wakichaguliwa kwa kazi wanazoweza kufanya: mmoja anayesoma hesabu, mmoja aliyewahi kuwa mwalimu mkuu au mdhibiti ubora wa shule, mmoja anayejua sheria au ardhi, wazazi wawili waliochaguliwa na wazazi wenzao, na wengine wa eneo. Wanawake wawepo kwa idadi yenye uzito, maana nusu ya mambo yanayowapata wasichana shuleni hayatafika mezani pasipo wao. Wajumbe wasitoke ukoo mmoja, wala wasitegemee mshahara wa shule.

Tofautisheni vyombo. Wadhamini au bodi ya shirika wanalinda mali, wanapitisha bajeti na kumwajiri meneja. Bodi ya shule kwa sekondari, au kamati ya shule kwa msingi, inasimamia taaluma, nidhamu na ustawi wa wanafunzi. Mwalimu mkuu anaendesha shule kila siku. Mhasibu anaandika hesabu. Mwanzilishi anaweza kuwa mjumbe, anaweza kuwa meneja, lakini asiwe mwenyekiti, meneja na mtia saini wa benki kwa wakati mmoja.

Kanuni nne ziandikwe kwenye katiba ya shirika na zifuatwe bila kuoneana haya:

1. Bodi ikutane angalau mara nne kwa mwaka, na muhtasari wa kikao usainiwe kikao kinachofuata.
2. Kila kikao kipokee taarifa ya fedha ya ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka, kilichopo benki, madeni.
3. Mjumbe mwenye maslahi kwenye jambo linalojadiliwa ayataje na atoke nje ya chumba. Kama kaka yake meneja anataka kuiuzia shule mahindi, bei yake ishindanishwe na bei za watu wengine wawili, na meneja asishiriki uamuzi.
4. Ujumbe uwe na ukomo, kwa mfano miaka mitatu, mara mbili tu.

Wakurya wanaijua iritongo, mkutano wa wazi ambako jambo linasemwa mbele ya watu wote. Shule haina budi kuwa na mkutano wa namna hiyo mara moja kwa mwaka, ambapo wazazi na walimu wanasomewa mapato na matumizi kwa lugha wanayoielewa, wanauliza, na wanajibiwa palepale.

Gharama ya mtoto mmoja

Ada hupangwa vipi? Mara nyingi kwa kuangalia shule jirani inatoza ngapi, kisha kupunguza kidogo. Shule inayofanya hivyo inaweza kupata hasara kwa kila mtoto inayemwandikisha bila kujua, na kadiri inavyojaa ndivyo inavyozidi kuzama.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa shule ya msingi ya kutwa yenye watoto 180 wanaokula chakula cha mchana shuleni. Ada ni sh. 600,000 kwa mwaka. Watoto 120 wanalipa yote, 30 wanalipa nusu, na 30 hawalipi kitu. Kwenye karatasi, ada itakuwa sh. 72,000,000 jumlisha 9,000,000, yaani 81,000,000. Lakini ni nadra ada kukusanywa yote. Kama kwa kawaida shule hupata asilimia 85, fedha halisi ni sh. 68,850,000. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye bajeti.

Sasa matumizi. Walimu tisa kwa sh. 450,000 kwa mwezi ni sh. 48,600,000 kwa mwaka. Wapishi, walinzi na watumishi wengine sita kwa sh. 360,000 ni sh. 25,920,000. Mchango wa mwajiri kwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), asilimia 10, ni sh. 7,452,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, asilimia 0.5, ni sh. 372,600. Chakula cha watu 195 kwa sh. 600 kwa siku, siku 194 za masomo, ni sh. 22,698,000. Vitabu, chaki, umeme, maji, ukarabati na ukaguzi tuweke sh. 12,000,000. Jumla ni sh. 117,042,600.

Gawanya kwa watoto 180: kila mtoto anagharimu takriban sh. 650,000. Hata yule anayelipa ada yote hajamaliza gharama yake. Shule hii inahitaji zaidi ya sh. milioni 48 kutoka nje ya ada kila mwaka, karibu asilimia 41 ya bajeti, na hatujajenga darasa hata moja.

Bodi ikishaiona namba hii, inaweza kuamua kwa akili: kupandisha ada kidogo, kupunguza nafasi za bure hadi idadi yenye mfadhili aliyethibitika, au kutafuta chanzo kingine cha mapato. Uamuzi wowote kati ya hayo ni bora kuliko kusubiri Septemba fedha ziishe. Na nafasi za bure zitolewe kwa vigezo vilivyoandikwa, vikisimamiwa na kamati, ili mtoto wa rafiki wa meneja asikae kwenye nafasi ya yatima.

Mapato ya Mara yana msimu

Mishahara inalipwa kila mwezi, lakini mzazi wa huku hapati fedha kila mwezi. Mkulima wa mahindi, ndizi au kahawa ana fedha baada ya mavuno. Mfugaji anasubiri mnada. Mchimbaji mdogo wa upande wa Nyamongo anaweza kulipa mwaka mzima kwa siku moja, kisha akakaa miezi bila kitu. Mfanyakazi wa hoteli na kambi za watalii upande wa Robanda na Fort Ikoma anategemea msimu wa wageni. Na katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, tembo wakiingia shambani usiku mmoja, ada ya mwaka inaweza kuwa imeliwa.

Kwa hiyo andaeni mtiririko wa fedha wa mwezi kwa mwezi, kando ya bajeti ya mwaka. Utawaonyesha mapema miezi ambayo akaunti itakauka. Ruhusuni malipo kwa awamu nne au zaidi, lakini kila mzazi asaini ratiba yake mwanzoni mwa mwaka. Shirikianeni na vikundi vya kuweka na kukopa (VICOBA) ambavyo wazazi wamo: kikundi kikipanga mgao wake mwishoni mwa Desemba, na sehemu ya mgao ikatengwa kwa ada ya Januari, shule itaanza mwaka ikiwa na fedha. Nunueni mahindi na maharage ya mwaka mara tu baada ya mavuno, bei ikiwa chini, na kuyahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa au vihenge vya chuma. Mtunza stoo awe na leja yake, tofauti na ya mpishi.

Kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya ada kuwe hatua ya mwisho kabisa. Msichana aliyerudishwa anaweza kukumbana na shinikizo la kuolewa au kukeketwa, hasa kuelekea Desemba, mwezi ambao misimu ya ukeketaji imekuwa ikifanyika. Shule ya bweni yenye wasichana wasio na usalama nyumbani itenge kwenye bajeti fedha za chakula, mlezi na ulinzi kwa likizo hiyo, na ipange mapema na nyumba salama, dawati la jinsia la polisi na ofisi ya ustawi wa jamii.

Njia ya fedha: kutoka kwa mzazi hadi kwenye daftari

Ada ilipwe benki au kwa lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la shule. Isilipwe kwenye simu ya mwalimu wala ya mwanzilishi, hata kwa dharura. Ikipokelewa taslimu, mzazi apewe risiti yenye namba palepale, na fedha ipelekwe benki siku hiyo hiyo au kesho yake, kabla haijatumika kununua chochote. Kule Sirari, ambako shilingi ya Kenya inapita mkononi kila siku, risiti iandikwe kwa shilingi ya Tanzania kwa kiwango cha ubadilishaji kilichoandikwa juu yake.

Kutoa fedha kuhitaji saini mbili za watu wasio ndugu. Kila malipo yawe na hati ya malipo, risiti ya muuzaji na idhini. Kuweni na fedha ndogo ya ofisini yenye kiwango, kwa mfano sh. 200,000, kwa nauli na vitu vidogo. Kila mwisho wa mwezi mhasibu alinganishe daftari la fedha na taarifa ya benki, na mjumbe mmoja wa bodi asaini kuwa ameona. Kazi hii inachukua saa chache tu, nayo ndiyo hugundua wizi mapema kuliko nyingine yoyote.

Fedha ya mfadhili yenye masharti iandikwe kwenye safu yake. Kama imetolewa kwa choo cha wasichana, haitumiki kulipa mishahara, hata kwa ahadi ya kurudisha. Mradi wa shule, uwe mashine ya kusaga, ng'ombe wa maziwa au bustani, uwe na daftari lake ili ijulikane kama unaingiza fedha au unakula ada.

Mwisho wa mwaka, hesabu zikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA). Wekeni gharama yake kwenye bajeti tangu Januari.

Mishahara na makato

Mwalimu asiyelipwa miezi mitatu hafundishi vizuri, na haki yake haipotei kwa sababu shule ni ya hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu: masharti ya kazi kwa maandishi, likizo ya siku 28 kwa mwaka, likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 kwa mapacha, na taarifa kabla ya kuachishwa. Anayeachishwa isivyo halali anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Serikali hutoa amri ya kima cha chini cha mshahara yenye kundi la shule binafsi. Hakikisheni mnatumia iliyo mpya.

Makato ni haya. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, ambapo mwajiri anachangia angalau nusu, na fedha zinatakiwa kufika mfukoni ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inahusu mshahara unaozidi sh. 270,000 kwa mwezi na inapelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ina misamaha inayozigusa shule zilizosajiliwa. Thibitisheni hali ya shule yenu TRA kwa maandishi. Kumkata mwalimu NSSF halafu fedha isipelekwe ni kumwibia uzeeni mwake, na deni hilo huongezeka kwa adhabu hadi likaifikisha shule mahakamani.

Shule za mpakani hupenda kuajiri walimu wa Kiingereza na sayansi kutoka Kenya. Ni jambo jema likifuata taratibu: kibali cha kazi, kibali cha ukaazi na leseni ya kufundisha. Mtu wa kujitolea kutoka Ulaya au Marekani naye asianze kufundisha kwa viza ya utalii.

Kodi: hisani haitokani na jina

Waanzilishi wengi huamini kwamba neno "hisani" kwenye cheti linawaondoa kwenye kodi. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kuendeleza elimu ni mojawapo ya malengo ya hisani, lakini taasisi inatakiwa kuomba na kupata uamuzi wa Kamishna wa TRA unaoitambua hivyo. Pasipo uamuzi huo ziada ya shule inaweza kutozwa asilimia 30 kama ya kampuni yoyote. Na hata mwenye uamuzi anaendelea kuwasilisha makadirio katika miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka wa hesabu na ritani ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha. Kwa shule inayofunga hesabu 31 Desemba, tarehe ya ritani ni 30 Juni.

Huduma ya elimu yenyewe imesamehewa kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Lakini shule ikipanga nyumba ya walimu, inatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Bodi nyingi hulijua hilo siku mkaguzi anapobisha hodi.

Mfadhili ni mshirika, si mshahara

Shule ya St Jude ya Arusha, iliyoanzishwa 2002 na Gemma Sisia kutoka Australia, inasomesha zaidi ya watoto elfu moja bila ada kwa fedha za wafadhili. Inawezekana kwa sababu ina wafadhili wengi na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo ya kuwatafuta, kuwaandikia na kuwatolea hesabu. Shule ndogo ya kijijini yenye mfadhili mmoja mkubwa iko mahali pengine kabisa: huyo mmoja akiugua, akizeeka au akigombana na mwanzilishi, mlango unafungwa.

Basi jiwekeeni lengo kwamba hakuna mfadhili mmoja anayebeba zaidi ya robo ya bajeti. Andikianeni mkataba unaosema kiasi, muda, tarehe za malipo, na taarifa ya miezi mingapi kabla ya kuacha. Ombeni fedha za uendeshaji pamoja na za majengo, kwa kuwa darasa jipya huja na mwalimu mpya wa kulipwa kila mwezi. Kumbukeni pia kwamba kanuni za NGOs zinataka fedha za wafadhili zitangazwe na mikataba iwasilishwe kwa Msajili.

Uwazi uende pande zote mbili. Kama rafiki yenu nje ni shirika la hisani la Uingereza, hesabu zake zinaonekana bure kwenye tovuti ya Charity Commission. Kama ni la Marekani, taarifa zake nyingi za kodi, Fomu 990, ziko wazi kwa umma. Bodi izisome, ione fedha zilizokusanywa kwa jina la shule na zilizofika.

Halafu kuna heshima ya mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inahusu majina, picha na historia za wanafunzi mnazotuma kwa wafadhili. Pateni ridhaa ya mzazi au mlezi, na msiweke mtandaoni jina na sura ya msichana aliyekimbia kukeketwa. Fedha yoyote itakayopatikana kwa picha hiyo haina thamani ya usalama wake.

Akiba ya siku ngumu

Tarehe 17 Machi 2020 serikali ilifunga shule kwa sababu ya korona, na shule za msingi na sekondari hazikurudi kikamilifu hadi 29 Juni. Kwa miezi mitatu ada haikuingia, huku walimu wakiendelea kula na kupanga nyumba. Serengeti ilipigwa mara mbili, kwa kuwa watalii nao hawakuja. Kipimo cha akiba kimetokana na hapo: angalau mishahara ya miezi mitatu. Kwa shule yetu ya mfano ni takriban sh. milioni 19. Haiwezi kupatikana mwaka mmoja. Tengeni asilimia tatu hadi tano ya mapato kila mwaka kwenye akaunti isiyofunguliwa bila azimio la bodi.

Mtihani unaofuata wa fedha za shule unajulikana tarehe yake. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na chini yake elimu ya msingi ni miaka sita. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita 2027, mwaka uleule ambao kundi la mwisho la mtaala wa zamani litamaliza la saba. Shule ya msingi itapoteza madarasa mawili kwa pamoja, na Januari 2028 itaanza ikiwa na madarasa sita badala ya saba. Kwa shule yenye watoto 180 waliogawanyika sawa, ni pengo la watoto kama 26 wa darasa moja zima, wakati mlinzi, mpishi na ukarabati vinabaki vilevile. Sekondari nazo zitapokea makundi mawili kidato cha kwanza, zikihitaji madawati, walimu na vitanda. Bodi isiyolijadili hili sasa itashtukizwa na jambo lililotangazwa miaka kadhaa kabla.

Maswali ambayo mzazi ana haki ya kuuliza

- Namba ya usajili wa shule ni ipi, na mwenye shule ni nani kisheria?
- Kiwanja kimeandikwa jina la nani?
- Wajumbe wa bodi ni akina nani, na walikutana lini mara ya mwisho?
- Hesabu za mwaka jana zilikaguliwa na nani?
- Walimu wamelipwa hadi mwezi gani, na michango yao ya NSSF imefika?
- Ada yangu inalipia nini, na sehemu gani inabebwa na wafadhili?
- Mfadhili mkuu akiondoka kesho, shule itaendelea kwa muda gani?

Shule iliyo salama itajibu kwa karatasi. Inayokasirika kwa kuulizwa imeshajibu.

Ndugu msomaji, mkutano ujao wa wazazi usiishie kwenye sare na matokeo ya mtihani. Ombeni karatasi tatu zibandikwe kwenye ubao wa matangazo: bajeti ya mwaka, taarifa ya mapato na matumizi ya muhula uliopita, na majina ya wajumbe wa bodi. Na wewe mwanzilishi uliyeanza na watoto wachache chini ya mti, zibandike kabla hujaombwa. Shule uliyoianzisha kwa ajili ya watoto wa Mara inapaswa kuendelea kuwasomesha wewe utakapokuwa hupo.